Riwaya ya Michelangelo: nitajuaje kipi ni kweli na kipi kimetungwa?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wapenzi wa vitabu.

Nasoma riwaya nene ya maisha ya Michelangelo, yule mchongaji na mchoraji wa Italia. Nimefika pale anapokabidhiwa jiwe la marumaru lililoharibiwa na mafundi wa kabla yake, likatelekezwa jijini Florence kwa miaka mingi. Analianza 1501, na 1504 sanamu ya Daudi imesimama. Ukurasa wa patasi na vumbi jeupe nimeurudia mara tatu.

Shida ni kwamba mwandishi anaingia hadi mawazoni mwa mtu aliyezaliwa 1475. Kipi kimetoka kwenye kumbukumbu, kipi amekitunga? Kwa mfano, siku zote niliamini kwamba dari ya kanisa la Sistine kule Vatican (1508 hadi 1512) aliichora akiwa amelala chali. Kumbe alisimama, na kwenye shairi lake mwenyewe analalamika: ndevu zimeelekea juu, rangi inamdondokea usoni.

Barua na mashairi yake mengi yapo hadi leo. Je, nimalize riwaya kwanza, au niisome sambamba na barua na mashairi hayo? Kitabu kimenigusa mno, naogopa kukiharibia utamu. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie.