"Hana hatia" na "hakukutwa na hatia": ni kitu kimoja?

Mhariri Mchovu
Wakuu, salaam. Neno "hatia" linanichanganya. Mahakama ikimwachia mtu, gazeti moja linaandika "hana hatia", jingine "hakukutwa na hatia", la tatu "ameshinda kesi". Mtaani wanasema "alifanya, ila ushahidi haukutosha". Halafu kuna ambaye hajashtakiwa popote, lakini anasema "najisikia hatia". Hivi tunazungumzia kitu kimoja kweli? Na mshtakiwa akisema kizimbani "ni kweli", si ndiyo amekiri na kesi imeisha? Nawasilisha.

Jalada la Pili
Mkuu, si kitu kimoja. Hatia ya kisheria haikai ndani ya mtu kama homa. Ni tamko la mahakama juu ya shtaka fulani lililoandikwa kwenye hati. Mtu mwenye mashtaka matatu anaweza kutiwa hatiani kwa la pili tu na kuachiwa kwa mawili yaliyobaki, kwa hiyo swali "ana hatia?" linabaki kiporo mpaka useme ya nini.

Ili tamko hilo litoke, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kila kipengele cha kosa. Chukua wizi. Kuwe na mali, iwe ya mtu mwingine, ichukuliwe bila ridhaa yake, na mchukuaji awe anajua si yake na anakusudia kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Sasa fikiria mabegi mawili meusi yanayofanana, kwenye mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege. Abiria anabeba la mwenzake na kuondoka. Tendo lipo, mali si yake, ridhaa hakuna, lakini nia haipo, na wizi haujakamilika. Akifika nyumbani akafungua zipu, akaona nguo asizozijua, akachana kikaratasi chenye jina la mwenye begi na kukitupa, hapo hakimu ana kitu cha kushika. Nia haionekani kwa macho, huwa inasomwa kwenye matendo kama hayo.

Kipengele kimoja kikilegea, vingine vyote havikuokoi. Na anayebeba mzigo wa kuthibitisha ni mwenye kushtaki. Mahakama ya juu ya Uingereza ililisema hilo waziwazi mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington: mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba hakufanya. Ndiyo maana mahakama haitoi cheti cha usafi. Inasema tu kilicholetwa mbele yake kimetosha au hakikutosha.

Kwenye taarifa andika "mahakama haikumkuta na hatia" au "ameachiwa huru". "Hana hatia" pia si uongo kisheria, maana kila mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na kwake haikuthibitika. "Ameshinda kesi" iache kwa madai ya shamba.

Kipimo
Naongezea kwenye neno "kutosha", maana hapo Kiswahili chetu kinatuponza. Tumezoea kuandika "bila kuacha shaka lolote". Kipimo cha jinai si hicho. Shaka linalomwokoa mshtakiwa ni lile lenye mashiko, linalotokana na ushahidi wenyewe au na pengo lililomo ndani yake. "Huenda kuna pacha wake asiyejulikana" si shaka la namna hiyo kama hakuna chochote kinachomwashiria huyo pacha. Jaji Denning wa Uingereza alilieleza vizuri mwaka 1947: kuthibitisha kwa kiwango hicho hakumaanishi kuondoa hata kivuli cha shaka. Ukiandika "shaka lolote" unampa msomaji kipimo ambacho hakuna kesi ingekivuka.

Kesi za madai zina kipimo chepesi zaidi: upande upi unaelekea kuwa kweli kuliko mwingine. Ndiyo sababu O. J. Simpson wa Marekani aliachiwa kwenye kesi ya mauaji mwaka 1995, na mwaka 1997 baraza jingine la wazee wa mahakama likamkuta anawajibika kwa vifo vilevile na kumwamuru alipe fidia. Watu huona huko ni kujipinga. Hakuna kujipinga, mizani ni mbili. Ila chunga neno: kwenye madai mtu *anawajibika*, hatiwi hatiani.

Na tukiwa hapo hapo, "amehukumiwa" si lazima iwe "amefungwa". Hukumu ni uamuzi, hata wa kumwachia. Kinachofuata akitiwa hatiani ni adhabu.

Bint Karani
Mhariri, hilo la "ni kweli" ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote. Mtu anasomewa shtaka la kujeruhi, anajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini alinijia na panga." Karani mzembe anaandika "amekiri". Hapo hajakiri kosa. Amekiri *tendo* na papo hapo ametoa utetezi wa kujilinda. Jibu la namna hiyo lina utata, na mahakama inatakiwa iandike kwamba amekana, kisha ushahidi usikilizwe.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973. Shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka asimulie papo hapo mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza. Akiyapinga, kukiri kunafutwa na kunaandikwa kukana. Asipoyapinga ndipo anatiwa hatiani, na baada ya hapo ndipo yanakuja maneno ya kuhusu adhabu.

Panapoharibika sana ni kwenye ile simulizi ya mwendesha mashtaka. Ikirukwa, au ikisomwa bila kugusa kipengele kimojawapo (mathalani haisemi popote kwamba jeraha lilikuwepo), rufaa ina pa kushika.

Msutwa
Mimi nashika upande wa lugha. "Najisikia hatia" inanikera kidogo, maana Kiswahili kina maneno yake: nafsi inanisuta, dhamiri inanisuta, roho inaniuma. Kusutwa hakuhitaji kosa la jinai. Dereva anaendesha kwa mwendo halali, breki nzima, macho barabarani, mtoto anachomoka ghafla na kugongwa. Sheria haimwoni na kosa, lakini yeye halali usiku, na tungemshangaa kama angelala. Geuza upande wa pili: kuna watu wametiwa hatiani kihalali na hakuna kinachowasuta.

Hata "nia ovu" ya wanasheria si uovu wa mtaani. Anayemwua mgonjwa kwa huruma ili asiteseke ana msukumo mwema, na bado nia ya kuua anayo. Msukumo huo unaweza kuguswa wakati wa kupima adhabu, haufuti nia. Upande mwingine kuna makosa yasiyouliza nia kabisa, kama kupita mwendo uliowekwa. "Sikuangalia mita" haikusaidii.

Mhariri Mchovu
Nashukuru sana wakuu. Moja la mwisho: upande wa mashtaka ukiondoa mashtaka kabla ya ushahidi kusikilizwa, naandika "ameachiwa huru"?

Jalada la Pili
Hapana, mkuu. Andika "mashtaka yameondolewa". Aliyeachiwa baada ya shtaka kusikilizwa na kuamuliwa analindwa, kwa kawaida hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Aliyeondolewa mashtaka katika hatua hiyo ya mwanzo mara nyingi hana kinga hiyo. Anaweza kutoka mlangoni na kukamatwa upya kwenye ngazi za mahakama kwa shtaka lilelile. Msomaji aliyesoma "huru" jana ataona mmemdanganya.

Bint Karani
Na mpaka hapo jina lake ni mshtakiwa wa zamani, si "mhalifu aliyeponea".