Naomba ushauri: plastiki ya kufunika jalada la kitambaa lenye dhahabu

Wapenzi wa vitabu, naomba ushauri. Kitabu ni Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, ile riwaya ya kuchekesha ya 1889, toleo lenye jalada gumu la kitambaa na michoro ya dhahabu. Nia ni kukisoma nje hapa Nairobi, bustani ya Arboretum au msitu wa Karura, kabla mvua za Machi hazijaanza. Sura ni 19 tu.

Shida ni jalada. Dhahabu imekaa juu ya kitambaa, haijazama, kwa hiyo jasho na msuguano wa vidole huichubua, hasa pale kidole gumba kinaposhika. Plastiki ya kujibandika, ile ya vitabu vya shule, siitaki kabisa: ukiibandua inaondoka na dhahabu, ukiiacha gundi inageuka manjano. Karatasi ya kaki ni salama lakini inaficha uzuri wote, sasa faida iko wapi?

Ninachofikiria ni plastiki angavu ya poliesta isiyo na gundi, yenye sentimita 8 za ziada kila upande za kukunja ndani. Kimo kipungue milimita 1 kuliko jalada, la sivyo kingo zinajikunja.

Je, unene upi unakunjika vizuri, mikroni 50 au 75 (mikroni 1,000 ni milimita 1)? Hapa mjini inauzwa wapi kwa mita, na nitaitofautishaje na PVC, aina nyingine ya plastiki angavu, ambayo baada ya muda hunata kwenye rangi? Halafu jua la saa saba hupausha kitambaa chekundu. Kivuli cha mti kinatosha, au nisome jioni tu?