Nimeshinda hela ya mbio za farasi wa vigari, kampuni imezuia mzigo. Naomba ushauri

Kijana_wa_Fort:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Marekani mwaka wa sita sasa na kuna jambo linaninyima usingizi. Kuna hizi mbio za farasi wanaovuta kigari cha matairi mawili dereva amekaa nyuma, siyo zile joki anapanda mgongoni. Jumamosi usiku zilipigwa Meadowlands kule New Jersey, nikabeti kwenye app kwa kutaja farasi wanne wa kwanza kwa mpangilio wao na wakatoka vilevile, dola 9,400!! Hela imeingia kwenye akaunti nimeiona kwa macho yangu, kwenda kutoa naambiwa akaunti inahakikiwa, wanataka kitambulisho, selfie, na uthibitisho wa mahali nilipokuwa wakati nabeti. Leo siku ya tisa. Je wana haki ya kushikilia hela ya mtu aliyeshinda kihalali? Nikiweka wakili nitaipata?

mama_wawili:
Mwanangu hela ya kamari haikai. Mume wangu alianza hivihivi, mara mpira, mara sijui mashine za Mchina pale stendi, nikarudi kutoka msibani nakuta friji haipo sebuleni. Shukuru Mungu imezuiwa, huenda ndiyo salama yako.

Ngong_Sunday:
Huku Nairobi mimi huenda Ngong Racecourse Jumapili na watoto, hao ni wa joki. Hawa wa vigari sijawahi waona live. Hiyo ya kupata wanne kwa mpangilio si mchezo buda, hongera. Ulijuaje?

Mkalimani_Ohio:
Mkuu swali moja tu kabla sijasema kitu. Wakati unabeti ulikuwa jimbo gani?

Kijana_wa_Fort:
Jimbo linahusiana nini sasa? Mbio zilikuwa New Jersey, New Jersey kubeti farasi ni halali, app yenyewe ina leseni, matangazo yao yapo kila mahali.

Mkalimani_Ohio:
Linahusiana na kila kitu, ndiyo maana nakuuliza. Mimi natafsiri mahakamani, haya mambo nimeyaona kwa karibu. Kuna sheria ya nchi nzima ya 1978 ya kubeti mbio za majimbo mengine. Mtu akipokea dau nje ya jimbo ambako farasi wanakimbia lazima kuwe na ridhaa ya uwanja wenyewe, ya tume ya mbio ya jimbo la uwanja, na ya tume ya jimbo ambako dau linapokelewa, na uwanja nao hauwezi kutoa ridhaa bila makubaliano na wenye farasi. Mwaka 2000 wakaongeza kubeti kwa simu na intaneti ila kwa sharti kwamba iwe halali kwenye kila jimbo linalohusika. Siyo urasimu huo. Hela zote za wanaobeti zinaingia mfuko mmoja, inakatwa sehemu ya uwanja, ya zawadi za wenye farasi na ya serikali, inayobaki ndiyo mnagawana washindi. Sasa ukidanganya ulipokaa, umedanganya nani alitakiwa kukatiwa chake na nani alitakiwa kutoa kibali. Tena hawa wa vigari kila jimbo linawasimamia kivyake mpaka leo, chombo cha kitaifa kilichoanza kusimamia mbio 2022 kinashika farasi wa joki. Haya jibu, jimbo gani?

Kijana_wa_Fort:
Texas, Fort Worth.

Lakini akaunti ni ya Ohio, ni ya binamu yangu, imesajiliwa kwa jina lake na anwani yake. Siku zote namtumia namba WhatsApp anabonyeza yeye. Jumamosi ile alikuwa shift ya usiku ghala, simu haruhusiwi, nikaingia mwenyewe na VPN, ile ya kuficha ulipo, ionekane niko Ohio. Mara moja tu jamani. Na tumeshaongea, anarekodi video akiwa na leseni yake ya udereva aseme ni yeye aliyebeti. Sioni tatizo liko wapi kwa sababu akaunti kweli ni yake.

Mkalimani_Ohio:
Hiyo video isirekodiwe. Texas 2011 waliandika wazi kwamba mtu wa Texas asipokelewe dau kwa simu wala intaneti, mbio ziwe za ndani au za nje ya jimbo, mpaka awe ndani ya geti la uwanja wenye leseni. Wewe Fort Worth una Lone Star Park hapo Grand Prairie, mbio za majimbo mengine zinaonyeshwa kwenye TV unabeti dirishani. Ungeenda pale. Sasa hivi kampuni ina dau ambalo haikutakiwa kulipokea, wanaweza kulifuta wakakurudishia ulichoweka basi. Ila binamu yako akidanganya kwa video amejiingiza mwenyewe, na ushindi ni kipato, IRS, watu wa kodi, watamhesabia yeye.

Chumvi_Kiasi:
Wadau mbona mnajibu chai? Someni vizuri. Mtu anataja farasi wanne kwa mpangilio, usiku huohuo binamu yuko shift, usiku huohuo VPN. Weka picha ya matokeo tuone.

Kijana_wa_Fort:
Chai ya nini nikiwa na presha hivi? Picha siweki ina jina la mtu. Ila nakwambia aliyevuka mstari wa kwanza siye aliyepewa ushindi, taa ya majaji ikawaka, wakamrudisha nyuma, ndipo wangu wakapangika.

Chumvi_Kiasi:
Haya sasa, wa kwanza karudishwa nyuma 😂 Mods fungeni huu uzi.

Papa_Lexington:
Bandugu, ile si bongo, ni kweli. Miye natumika na farasi hapa Lexington, Red Mile, kiwanja cha tangu 1875. Farasi ya kigari haina ruhusa ya kuruka mbio kama ile ya joki. Zingine tunazifunga mikanda ya plastiki, mguu ya mbele na ya nyuma ya upande moja, ili ikamate mwendo wake. Ikianza kuruka, dereva anapashwa kuvuta kamba airudishe nyuma. Ikipita mustari inaruka na pua ya mwenzake iko tayari ubavuni, majaji wanaiweka nyuma ya ule mwenzake. Ilitupata, farasi minaosha mimi mwenyewe, patron hakusema neno mpaka asubuhi. Na kisha mbio wanapima mukojo, unasimama nayo ndani ya kibanda unapiga mluzi mpaka ikojoe, siku zingine saa nzima, usiku, baridi. Ule kijana aliangalia ile mbio kweli. Lakini kaka, dau ilikuwa ya ngapi?

Kijana_wa_Fort:
Asante Papa. Dola 280.

Ngong_Sunday:
280 on one race? Na kazi yako ni gani?

Kijana_wa_Fort:
Siyo zangu zote. Tuko watu 14, kila mtu 20, wengi tunasali pamoja. Mimi ndiye najua kusoma zile karatasi za farasi kwa hiyo wananiamini. Tukishinda nachukua asilimia kumi ya usumbufu. Hakuna niliyemlazimisha na hesabu zote nimeandika kwenye daftari.

mama_wawili:
Yesu wangu.

Mkalimani_Ohio:
Daftari usilichome na usilibadilishe. Ila acha kupokea hela za watu kuanzia leo, kukusanya madau kwa asilimia bila leseni ni kesi nyingine kabisa kuliko mtu kubeti hela yake. Samahani nikuulize kitu cha nyumbani, uraia umeomba?

Kijana_wa_Fort:
Interview mwezi ujao.

Mkalimani_Ohio:
Basi achana na 9,400 kwanza. Fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kucheza kamari isiyo halali au kupata kipato kutokana nayo. Watu wanapita hapo wanatiki hapana bila kusoma. Wewe usitiki wala usibadili kitu kabla hujakaa na mwanasheria wa uhamiaji, siyo wakili wa kudai hela, wa uhamiaji, umwambie yote kama ulivyotuambia sisi, na Texas na daftari. Aliyecheza akasema ukweli anaweza kutetewa. Aliyeficha wanamuuliza kwa nini alificha.

Chumvi_Kiasi:
Mkuu kama ni kweli nisamehe. Nilidhani unatuchezea. Fanya alivyosema jamaa.

Kijana_wa_Fort:
Hakuna neno. Binamu nimempigia, harekodi tena. Mwanasheria nimepata Alhamisi. Jioni nimeanza kurudisha zile ishirini ishirini kutoka mfukoni kwangu, nimeanza na mama mmoja anayefanya usafi hotelini, nikamkuta bado na sare ya kazi. Akaishika ile noti akaniuliza, "Kwani mwanangu, tulishindwa?" Nilimwambia nitarudi Jumapili nimweleze.