Ofisi ya tafsiri imeandika "steal" badala ya "rob", bima wametukatalia

Wakuu, hili nimeshindwa kulinyamazia.

Mdogo wangu alivamiwa Mbagala Rangi Tatu akitoka kazini. Vijana wawili wa bodaboda, mmoja kashuka na panga, kamwekea shingoni, begi likaenda na kompyuta ya ofisi. Polisi akapewa RB (namba ya taarifa ya tukio), na maelezo yake yamenyooka: "nimeporwa kwa kutishiwa panga". Mwajiri akataka maelezo hayohayo kwa Kiingereza ayapeleke bima. Tukaenda ofisi moja ya tafsiri kule Posta, yenye mihuri na kila kitu, tukalipa walichotaja.

Walichotupa: "My laptop was stolen." Panga halimo. Halafu inafuata hii: "I was stolen by two men." Yaani kaibwa yeye mwenyewe, kabebwa kama mbuzi! Bima wamejibu kwamba mkataba unalipa unyang'anyi, wizi wa kawaida haumo.

Jamani, "steal" inafuatwa na kitu kilichochukuliwa: they stole the bag. "Rob" inafuatwa na aliyechukuliwa, mtu au mahali: they robbed her, they robbed the bank. Ukitaka kukitaja na kitu, unasema they robbed her of her bag. Tena mtu anaweza kukuibia kimyakimya kwenye mwendokasi, ukaja kushtuka unapojipapasa mfukoni. Mtu akiwa "robbed", kwa kawaida kuna nguvu au vitisho. Mswahili anayetenganisha kuibiwa na kuporwa kila siku anashindwaje hapo?

Na sheria yetu inatenganisha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: wizi ni kifungu cha 258, unyang'anyi ni cha 285, yaani wizi ulioambatana na nguvu au vitisho. Wizi wa kawaida kifungo hadi miaka 7. Unyang'anyi wa kutumia silaha, 287A, si chini ya miaka 30. Halafu dada wa mapokezi ananiambia, "Kaka, si yaleyale tu?" Yaleyale!

Nataka warudie tafsiri bure, "robbed" ikae mahali pake na panga liandikwe, kisha watoe barua yenye mhuri kwamba kosa ni lao. Aliyewahi kukata rufaa bima kwa sababu ya tafsiri mbovu anielekeze pa kuanzia, maana mdogo wangu mwajiri ameshaanza kumkata mshahara.