Naomba ushauri: kipimo gani cha picha baada ya mionzi ya saratani ya koo?

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, amemaliza matibabu ya saratani ya koo, yaani mionzi ya wiki 7 pamoja na dripu za sisplatini (dawa ya kuua seli za saratani). Uvimbe wa shingoni umepungua sana, ingawa ukimpapasa chini ya taya la kushoto bado unakuta kinundu kigumu kama punje ya hindi.

Daktari ametuandikia CT scan (picha za eksirei za ndani ya mwili zinazotengenezwa kwa kompyuta), lakini shemeji yangu aliyeko Nairobi anasisitiza tumpeleke kule akafanyiwe PET (picha ambayo sehemu zinazotumia sukari nyingi, kama saratani, hung'aa). Ninavyoelewa, PET husubiri takriban wiki 12 baada ya mionzi, kwa kuwa ikifanywa mapema, sehemu zilizovimba kutokana na mionzi yenyewe huweza kung'aa kwenye picha zikadhaniwa kuwa saratani, na baba yuko wiki ya 6 tu. Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni figo: sisplatini huweza kuzidhuru, na CT aliyoandikiwa ni ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri, nayo hutolewa mwilini kupitia figo, ilhali hatujaagizwa kupima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi).

Waliouguza mgonjwa wa namna hii, pamoja na wataalamu mliomo humu, naomba mnieleze: tuombe CT isogezwe mbele, au MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ingefaa zaidi? Na je, bima ilikubali kulipia PET, au mlilipa taslimu?

Dawa za mitishamba tafadhali msinitumie, nimekwisha kuzipokea za kutosha.