Nawahama hawa wakubwa wa mtandao: paswedi ninayo, wanasema mimi si mimi

Wakuu, salaam. Nipo Ngamiani, Tanga, saa tano usiku, nimefunga duka na hasira zimenipanda, kwa hiyo anayetaka maneno laini apite. Mods, msiuunganishe uzi huu na zile za "nimesahau paswedi". Sijasahau kitu. Naiandika, inakubali, halafu mashine inaniambia haina uhakika kama mimi ni mimi.

Nina steshenari: kutoa kopi, kuchapa, picha za pasipoti, na mwisho wa wiki napiga picha na video za harusi. Kazi za miaka 11 nimezirundika kwenye akaunti moja ya kampuni kubwa ya Marekani. Jina silitaji, wanasheria wao wanakula vizuri kuliko mimi. Mwezi uliopita simu ilinitumbukia baharini nikishuka kwenye ngalawa. Nikanunua nyingine, nikataka kuingia, wakasema wametuma kodi, zile tarakimu za kuthibitisha, kwenye namba yangu. Namba gani? Laini niliyoiacha zamani, kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine.

Nikaipigia. Akapokea mama mmoja, yuko Singida.

"Shikamoo mama. Kuna kodi imeingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee."

"Kodi ya nini? Mimi nauza alizeti, nilishalipa."

Nikamweleza taratibu. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, nyie ndio wale wa 'ile hela itume kwenye namba hii'. Mungu anakuona." Akakata. Na simlaumu, ningekuwa yeye ningekata mapema zaidi. Miaka yote tunaambiwa usimtajie mtu kodi.

Nimejaza fomu yao mara nne. Majibu manne, neno kwa neno yaleyale, na la mwisho liliingia hata dakika haijaisha. Hakuna binadamu anayesoma kwa kasi hiyo. Benki wakinifungia akaunti naenda dirishani, nagombana na binti wa watu mpaka meneja anatoka. Faili likipotea ardhi, kuna mzee wa masjala anajua limelala kabati gani, unamtoa ya soda. Hapa nimtoe nani ya soda? Hakuna mlango wa kubisha hodi. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na tume yake, vizuri sana, lakini mimi wa Barabara ya 12 nikimshitaki mtu wa California atakuja kwa basi gani?

Kinachoniuma ni hiki. Alikuja Bi Shangazi mmoja wa Makorora, mteja wangu wa siku nyingi. Kaka yake amefariki. Niliwapigia video ya akdi, na mle ndani marehemu anasikika kwa sauti yake akimwozesha binti yake. Nakala yao ilikuwa kwenye flashi, watoto wameipoteza. "Mwanangu wewe si unayo?" Ninayo, Bi Shangazi. Kaketi kwenye benchi langu mpaka adhuhuri, mtandio magotini, ananitazama nabonyeza.

Najua watakuja watu wa "lakini ni bure mkuu". Bure iliisha siku hifadhi ilipojaa, nikaanza kulipa kila mwezi kwa dola. Nilikuwa mteja anayelipa, na bado hakuna aliyepokea simu.

Kuhusu kuchunguzwa, tuseme ukweli, wengi wetu hatukujali. Mwaka 2018 ilipotoka habari kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 wa Facebook ziliifikia Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa, hapa kijiweni tulicheka tu, tukaagiza kahawa nyingine. Somo nililipata 4 Oktoba 2021. Mnakumbuka? Jioni ile Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima pamoja kwa muda wa karibu saa sita, kwa sababu mwenye nyumba ni mmoja. Wateja wananitumia kazi za kuchapa kwa WhatsApp. Kuna kijana alinunua bando mara mbili akidhani limeisha. Kosa walilifanya wenyewe kwenye mitambo yao huko, duka likasimama Ngamiani. Na mimi, kichwa maji, nikaendelea kuweka mayai yote kikapu kimoja.

Sasa nimeanza kuhama. Kompyuta ya zamani ya dukani nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, haina maringo. Picha mpya zinakwenda kwenye diski ngumu mbili, moja dukani, moja nyumbani kwa mama Raskazone, ndani ya sanduku la nguo. Simu na kompyuta zinapeana mafaili kwa Syncthing bila kupitia kwa mtu. Barua pepe nimechukua ya kulipia, jina la duka langu mwenyewe. Ramani natumia OsmAnd, na vichochoro viwili vya huku ambavyo havikuwemo nimevichora kwa mkono wangu. Umeme ukikatika nakaa giza, hilo sifichi. Signal, ya kutumiana meseji kama WhatsApp, nimeweka pia, tuko watatu: mimi, mpwa wangu na jamaa mmoja wa bandarini. WhatsApp sijaifuta. Vikundi vya misiba vyote viko kule, na mtu wa Tanga asiyejua msiba uko wapi si mtu.

Ila ya nyuma ndiyo yamefungiwa, na ninachowauliza ni kimoja: kuna aliyewahi kufunguliwa bila laini ya zamani? Msinitumie wale wa "hacker anarudisha akaunti, tuma elfu 50 kwanza". Nishaliwa.

Bi Shangazi nimemwambia arudi Ijumaa. Nimesikia kuna kijana wa Sahare alikaa nyuma ya kadhi siku ile, akarekodi kwa simu. Sekunde 40, feni inavuma juu ya sauti. Kesho asubuhi nachukua baiskeli namfuata, flashi ninayo mfukoni.