Blauzi tatu za mtoko, nimekwama: ya miaka ya 70, ya 80 au ya 90?

Binti_Kabati
Habari za jioni wapendwa. Nina mtoko wa usiku wiki tatu zijazo. Sketi ndefu nyeusi ninayo, viatu ninavyo, kilichobaki ni blauzi, na mwaka huu niliapa sinunui nguo mpya. Nimepekua mitumba ya kila namna: ya rundo, ya duka linalochagua nguo za zamani peke yake, na ya mtandaoni. Nimebaki na tatu, na wauzaji wote wamekubali kunishikia mpaka Jumamosi.

A ni ya miaka ya 70, kwa kauli ya muuzaji. Uzi wa dhahabu unaomeremeta, inafungwa shingoni, mgongo wote wazi. Hii iko mtandaoni, nimeona picha mbili tu.

B ni ya miaka ya 80. Nyeusi, shanga na vimetameta kifua kizima, mabega yamesimama kama kabati. Nzito! Iko kwenye duka la kuchaguliwa na ndiyo ghali kuliko zote.

C ni ya 90. Kamba nyembamba mabegani, rangi ya zambarau iliyoiva, inateleza mkononi. Niliichomoa chini kabisa ya rundo na bei yake ni ya kuona aibu kuomba punguzo.

Akili inaniambia C. Moyo uko B, na sababu yenyewe ni ya kitoto: mama ana picha amevaa blauzi kama ile, kabla mimi sijazaliwa, amesimama kando ya spika kubwa anacheka mpaka macho yamefumba. Kila nikiishika B naiona ile picha. Nyinyi mngechukua ipi?

FundiCherehani
Dada, picha iweke pembeni kwanza. Mimi nashona na kurekebisha nguo, na B ndizo zinazoniletea wateja wenye machozi.

Ukifika dukani igeuze, ndani iwe nje. Blauzi nyingi za shanga za miaka ile zilitariziwa India juu ya hariri nyepesi, na lebo zake husema hivyo. Tatizo ni jinsi shanga zilivyofungwa. Kuna utarizi wa sindano yenye ndoano, unaokwenda kwa mnyororo mmoja: haraka, unapendeza, lakini uzi ukikatika mahali pamoja mstari mzima unafumuka kama sweta. Ukiona uzi unaning'inia USIUVUTE. Kwa upande wa ndani, tafuta mafundo. Kama kila shanga chache zina fundo lake, shanga zikipotea zitakuwa mbili tatu, basi.

Pili, makwapa. Hariri haipendani na jasho wala dawa za kuzuia jasho. Weka mkono ndani, inyanyue kwenye mwanga. Ukiona vijistari vyepesi kama nyufa, hapo kitambaa kimeshakufa. Sindano ikipita inakikata zaidi. Hakuna fundi wa kukuponya hapo, hata mimi.

Tatu, pedi za mabega. Zifinye. Sponji ya zamani huzeeka vibaya, ama hugeuka unga ama hunata. Hilo si kosa la kuiacha nguo, pedi zinabadilishwa kwa nusu saa, ila utumie kama hoja kwenye bei.

Na ukiinunua usiitundike kwenye henga. Uzito wa shanga unavuta mabega hadi yapasuke. Ilaze, uikunje na karatasi laini katikati.

Mama_Wawili
Mwanangu, mimi nilizivaa hizo nikiwa na umri wako. Nikwambie ambalo picha ya mama yako haisemi: ziliwasha. Vimetameta vinakukwaruza ndani ya mkono ukicheza, usiku ukiisha una michoro kama umepita kwenye miiba. Pedi nazo zilikuwa na tabia ya kuhama. Unaingia ukumbini na mabega mawili, unatoka na moja begani na jingine kifuani.

Tulicheka, ndiyo. Tulikuwa na miaka ishirini na mbili. Ungetuvisha gunia tungecheka.

Binti_Kabati
Shikamoo mama! Hapo kwenye bega kifuani nimecheka peke yangu kwenye basi 😂

Mama_Wawili
Marahaba mwanangu.

Mshazari
Mimi ni wa C bila kupepesa macho, na jina langu humu linaeleza kwa nini. Zile topu za kamba za miaka ya 90, zilizo nzuri, zimekatwa kwa mshazari, yaani kitambaa kimelazwa pembe kabla ya kukatwa, ndiyo maana zinafuata mwili bila kubana na bila zipu. Mbunifu wa mavazi Madeleine Vionnet alijenga jina lake Paris kwa ukataji huo miaka ya 1920 na 1930. Kwa hiyo ya "90" yenyewe ilikuwa inakumbuka ya bibi zake.

Kupima ni rahisi: ishike kwa kamba zake, uangalie mshono wa ubavuni. Kwenye mshazari mzuri mshono unashuka umenyooka na pindo halina mawimbi. Kama mshono umezunguka na kuja mbele, ilikatwa kwa ubahili wa kitambaa, na mwilini itazunguka hivyo hivyo.

Halafu soma lebo ya ndani, usisikilize neno "satini". Satini ni namna ya kufuma tu, inaweza kuwa hariri, inaweza kuwa poliesta. Mtumba unatoka kila pembe kwa hiyo lugha inabadilika: hariri kwa Kiitaliano ni seta, kwa Kifaransa soie, kwa Kijerumani Seide, kwa Kihispania seda. Nimewahi kuokota "seta" kwenye rundo ambalo wenzangu watatu walishalipita. Lebo ikiwa imekatwa, ishike kiganjani uifumbate. Hariri hupata joto lako mara moja.

KijanaWaJuzi
Mbona hakuna ya miaka ya 2000? Zile za kitambaa cha pembe tatu kama leso, kamba nyuma, vijiwe mbele. Hizo ndizo za kale zenye maana sasa hivi, na bado ziko kwenye marundo kwa sababu wauzaji hawajashtuka.

FundiCherehani
"Za kale." Miaka ya 2000. Magoti yangu yameuma kusoma hilo.

Mkusanyaji
Kijana hajakosea, ni zamu yake tu. Mwaka 1937 mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, James Laver, alipanga ngazi ya jinsi macho yanavyoiona nguo ikizeeka. Baada ya miaka 10 inachukiza, baada ya 20 ni kichekesho, ikifika 30 inaanza kuburudisha, 50 ina mvuto wa ukale, 150 ndipo inaitwa nzuri moja kwa moja. Siku hizi watu wanapanda ngazi hiyo mbio zaidi, ila mpangilio wenyewe bado naukuta kila nikiuza. Aliyevaa nguo ile ujanani ndiye wa mwisho kuitamani tena. Anayeitamani ni yule aliyeikuta kwenye picha.

Kuna kisa nakipenda. Mapema miaka ya 70 Paloma Picasso, binti wa mchoraji Pablo Picasso, alikuwa akivaa nguo za miaka ya 40 alizookota kwenye masoko ya vitu vikuukuu Paris. Mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent akavutiwa, na Januari 1971 akatoa mkusanyo mzima wa mtindo ule: mabega mapana, vilemba, viatu vya soli nene. Wakosoaji walimrarua. Wengi wao waliyaishi yale mabega enzi Paris iko chini ya Wajerumani, na walichokiona jukwaani ni njaa na aibu, si urembo. Vijana ambao hawakuwepo wakaona urembo mtupu. Miaka michache baadaye mabega yalikuwa kila mahali, hadi kwenye hiyo B yako.

Kwa hiyo Binti, usione haya kuhusu picha ya mama. Ndivyo mambo yanavyorudi. Mimi ningechukua B.

FundiCherehani
Wewe ungechukua B kwa sababu unaziuza, mzee 😄 Yeye atakaa nayo mwilini kwa muda wa saa tano.

Mkusanyaji
Nimenyamaza.

MsomaLebo
A mmeisahau, na ndiyo yenye harufu ya uongo kidogo. Simsemi muuzaji vibaya, huenda hajui tu, maana mtandaoni kila kinachong'aa siku hizi ni "miaka ya 70".

Mwombe picha tatu: lebo ya ukubwa, lebo ya kufulia, na mshono kwa ndani. Lebo ikiwa na anwani ya tovuti, mazungumzo yameisha. Ikiandikwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi, furahi, ni ya kabla ya Oktoba 1990. Nguo za Marekani zilianza kulazimishwa kuwa na maelekezo ya kufua ya kudumu mwaka 1972, na vialama vya beseni na pasi peke yake, bila maneno, viliruhusiwa huko mwaka 1997. Kwa hiyo topu ya "disko" ya Kimarekani yenye vialama vitupu ni ya juzi.

Kuhusu uzi wenyewe: huo ni lureksi, uliobuniwa Marekani miaka ya 1940. Nyuzi za zamani zaidi zilikuwa madini kweli na zilipiga weusi. Lureksi ni alumini iliyofungwa ndani ya plastiki, haipigi weusi, lakini pasi ya moto inaikunjamanisha mara moja na hairudi. Ndiyo sababu namtaka muuzaji apige picha nyuma ya shingo, watu wanapenda kuipiga pasi pale kwenye fundo.

Na ukubwa ulioandikwa usiuamini. Namba 12 ya zamani ni ndogo kuliko namba 12 ya leo. Omba kipimo cha kwapa hadi kwapa nguo ikiwa imelazwa, uzidishe mara mbili, ulinganishe na kifua chako. Ya kufumwa kama sweta itakusamehe, inavutika. B haitakusamehe, shanga hazivutiki.

Mama_Wawili
Na mkimaliza vipimo nusa. Dawa ya nondo ikishakaa miaka kabatini haitoki kwa manukato, inachanganyika nayo tu. Ianike kivulini siku tatu nne penye upepo. Hariri usiiweke juani.

Binti_Kabati
Jumamosi imepita, narudi na majibu.

A: muuzaji alituma lebo. Vialama vitupu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, tovuti. Nimemshukuru tukaachana kwa amani. MsomaLebo, wewe ni mpelelezi.

B: niliigeuza ndani nje mbele ya mwenye duka, akaniangalia kama namfulia nguo za ndani hadharani. Mafundo yapo. Pedi nilipozifinya zilitoa unga. Makwapa: la kulia zima, la kushoto lina zile nyufa, urefu wa kidole. Kipimo kilikuwa kinanibana sentimita mbili. Niliivaa hivyo hivyo, kwa dakika tano, nikajiangalia sana. Nikaivua.

C: lebo ilikuwa imekunjamana, nikainyoosha kwa kucha. Seta, asilimia 100. Mshono umenyooka. Nimeichukua.

Sasa sikieni. Jioni nikamtumia mama picha ya B, ile niliyojipiga kwenye kioo, nikamwambia nimekaribia kununua ya kwako. Akapiga simu papo hapo. Kumbe ile ya kwenye picha haikuwa yake! Aliazima kwa shangazi, bila kumwambia, na usiku ule mnyororo ulikatika kweli kama alivyosema Fundi. Pale kando ya spika alikuwa anacheka kwa sababu wenzake wako chini wanaokota shanga gizani kabla shangazi hajajua. Shangazi alijua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, anasema aliimbiwa methali hiyo mwaka mzima.

Nikamwonyesha C. Kimya kirefu. "Mwanangu, na hiyo shimizi unatoka nayo wapi?"

Mshazari
Hahaha, mwambie ni ya Kiitaliano.

Binti_Kabati
Nilimwambia. Akasema shimizi ni shimizi hata ikisemeshwa Kiitaliano. Ila ameniahidi koti lake la mahameli la kuvaa juu, na hilo ni lake kweli, nimeuliza.

Mama_Wawili
Mahameli usiyapige pasi, yatundike bafuni penye mvuke. Halafu mwanangu, hilo duka, ile B bado wanayo?

Binti_Kabati
Mama, si ulisema ziliwasha?

Mama_Wawili
Ziliwasha. Kwani mimi nimesema nini? Nauliza tu, kwapa la kulia ulisema ni zima, sivyo?